Injinia aliyerudi Bongo na mastazi yake, akaitwa tena Leeds: kisa cha tarehe 22 Januari

Usiku wa tarehe 9 Septemba 2025 mtoto wa mama yangu mdogo alinitumia meseji, "Shikamoo kaka, hivi mimi Uingereza bado nina mlango au ndo basi tena?" Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza swali moja tu, viza yako ya uanafunzi iliisha lini? Hakujua. Siku aliyovaa joho anaikumbuka, siku aliyotua Dar anaikumbuka mpaka mvua iliyomnyeshea pale nje akisubiri bajaji, ila tarehe ya mwisho ya viza akasema ngoja nitafute. Nikamwambia kaitafute kwanza mengine tutaongea, maana kwa mtu ambaye kasoma kule akarudi nyumbani hiyo tarehe ndo inaamua karibu kila kitu na watu wengi wanaitupa na makaratasi mengine ya chuo.

Jina lake tuliache, nitamwita injinia. Digrii ya kwanza alisoma Mlimani, uhandisi wa ujenzi, akapita kwenye ule mpango wa miaka 3 wa ERB, bodi ya usajili wa mainjinia, wa kuwanoa mainjinia wapya, akasajiliwa, akaingia kampuni moja ya washauri hapo Dar inayofanya kazi za mitaro na maji ya mvua. Ukikaa Dar unajua kazi hiyo haiishi, Jangwani kila masika ni ileile. Mwaka 2022 akapata skolashipu ya Chevening, Septemba akaenda kusoma mastazi ya mwaka mmoja kaskazini mwa Uingereza, akamaliza Septemba 2023, Oktoba yuko Dar amerudi kwenye mitaro yake. Alipoandika ile meseji alikuwa na miaka 31.

Sasa kabla hujauliza kwanini hakubaki hukohuko akatafuta kazi, sharti la Chevening ni kwamba ukimaliza unarudi nchini kwako unakaa angalau miaka 2. Kasaini mwenyewe. Kwahiyo ile viza ya Graduate ambayo wenzake darasani waliichukua, iliyowapa miaka 2 ya kufanya kazi yoyote bila mwajiri kuwadhamini, yeye hakuigusa. Na hapa kuna kitu watu wananiuliza kila mara, kwani hawezi kuiomba sasa hivi akiwa Dar? Hawezi. Graduate inaombwa ukiwa ndani ya Uingereza na viza yako ya uanafunzi ikiwa bado hai, ukishatoka na ikaisha basi, hata uwe na distinction. Kuna ndugu mwingine akamwambia aombe ile ya High Potential, ile iliyoanza 2022 ya waliosoma vyuo vikubwa duniani. Kichekesho ni kwamba ile ni ya waliosoma vyuo vikubwa nje ya Uingereza, wewe uliyesoma Uingereza yenyewe huhusiki.

Akabakiwa na Skilled Worker, ile viza ya kazi ya kudhaminiwa na mwajiri. Mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, kazi ya ngazi ya digrii (tangu tarehe 22 Julai 2025 wamepandisha, zamani hata kazi za chini ya digrii zilipita), kiingereza, halafu mshahara. Kiingereza hakikuwa shida, cheti cha mastazi ya chuo cha Uingereza kinatosha chenyewe, hufanyi mtihani. Rafiki yake alimwambia lazima apeleke vyeti Ecctis vikathibitishwe, hapana, hiyo ni kwa digrii za nje ya Uingereza. Angetumia ile ya Mlimani ndo angeenda Ecctis.

Mshahara ndo ulikuwa ukuta. Viza hii ilipoanza Desemba 2020 kiwango kilikuwa pauni 25,600 kwa mwaka. Aprili 2024 wakakirusha mpaka 38,700, na ile tarehe 22 Julai 2025 kikawa 41,700. Injinia wa ngazi ya chini Leeds au Newcastle halipwi hiyo kirahisi. London labda, lakini London nayo unailipa yote kwenye kodi ya chumba.

Ila kuna kundi wanaliita new entrant, yaani mtu anayeanza. Ukiwa kwenye kundi hilo kiwango ni pauni 33,400, au asilimia 70 ya kiwango cha kazi yako kwenye jedwali lao, kinachukuliwa kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Unaingia kwenye kundi kwa njia kadhaa. Ya kwanza uwe chini ya miaka 26, hiyo kwa mtu wa Chevening ni kama haipo kwasababu wenyewe wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 ndo wakupe skolashipu. Ya pili ndo yetu: viza yako ya mwisho Uingereza, ukiacha ya kutembea, iwe ya uanafunzi, uwe umesoma digrii na kumaliza, na iwe imeisha chini ya miaka 2 kabla ya siku unayoomba.

Soma tena hapo. Miaka 2 tangu viza iishe. Hawahesabu tangu ulipomaliza mtihani, wala tangu ulipoondoka. Watu wakisikia miaka miwili wanaanzia kwenye graduation, wengine wanaanzia kwenye stempu ya Dar, wanajikatia tamaa mapema au wanachelewa.

Kesho yake akapata. Kadi yenyewe ya BRP, kile kitambulisho cha ukaazi chenye tarehe ya viza, aliirudisha alipoondoka kama walivyoelekezwa, ila aliwahi kuiskani akaituma kwenye imeili yake mwenyewe kwa ajili ya kufungua akaunti ya benki, ikawa imelala humo miaka mitatu. Kozi iliisha Ijumaa tarehe 22 Septemba 2023, na kozi ya miezi 12 huwa wanakuongezea miezi 4 mbele, kwahiyo viza iliandikwa mwisho 22 Januari 2024. Nikachukua karatasi nikaandika. Deni la Chevening la miaka 2 nyumbani linaisha 22 Septemba 2025. Dirisha la kundi la wanaoanza linafungwa 22 Januari 2026. Katikati hapo kuna miezi 4, na hiyo miezi 4 imetokana tu na ile nyongeza ya viza ambayo wakati anapewa hakuna aliyeijali. Ukiwa umelipiwa na skolashipu ya kukurudisha nyumbani miaka 2, huo mwanya mwembamba ndo wako, wenzako waliojilipia wenyewe wana miaka 2 na ushee kamili wanaitumia wanavyotaka. Sijui kama waliotunga sheria walikaa wakaona hilo, mi nadhani ni vipande viwili vilivyoandikwa ofisi mbili tofauti vikakutana kwenye maisha ya mtu.

Nikamwambia mdogo wangu una siku 134, kuanzia leo mpaka siku ya mwisho, na ndani yake kuna Krismasi.

Kutafuta kazi sitakaa nako sana. Serikali ya Uingereza inaweka hadharani orodha ya waajiri wote wenye leseni, unaipakua kama jedwali, makampuni zaidi ya laki moja. Ukiifungua unaona migahawa, makanisa, benki, kila kitu, na haikwambii nani ana nafasi. Alichofanya ni kuanza upande wa pili, kaandika majina ya makampuni ya mafuriko na mitaro anayoyajua tokea chuoni, halafu moja moja anaangalia kwenye orodha kama lipo. Yakabaki 23. Kwenye barua hakuanza na "nahitaji viza", alianza na mitaro ya Dar, mvua inayoshuka yote kwa saa moja, mahesabu ya maji kwenye mji ambao ramani yake ya mitaro nusu haipo. Waingereza sasa hivi mvua za namna hiyo zinawapiga na wao. Makampuni mawili yakamwita, moja la Leeds ndo likaenda mbali.

Intavyuu ya kwanza ilikuwa 14 Oktoba, saa tano asubuhi ya kwao saa saba mchana ya Dar, ikaenda vizuri. Ya pili wakapanga Alhamisi tarehe 30 Oktoba. Mnajua wiki hiyo. Tarehe 29 ilikuwa siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mtu ameshaandaa slaidi zake, ameazima laptopu ya shemeji yake yenye kamera nzuri, na hawezi hata kutuma imeili ya kusema samahani sitakuwepo. Mimi niko Reading, Uingereza, nampigia haipatikani, jasho linanitoka, nikasema liwalo na liwe. Nikatafuta namba ya ofisi ya ile kampuni nikapiga mwenyewe, nikaeleza mimi ni kaka yake, intaneti nchini imezimwa, akirudi hewani atawaandikia. Yule mama wa mapokezi akasema tumesoma kwenye habari, mwambie awe salama kwanza. Intaneti ilianza kurudi Jumatatu tarehe 3 Novemba, akawaandikia usiku uleule, wakampangia tarehe 6. Nasimulia hili kwasababu wiki nzima iliyeyuka ambayo hakuna hesabu yoyote ingeiona kabla, na kama tungekuwa tumepanga kila kitu kibane mpaka siku ya mwisho tungekwisha.

Ofa ikaja Ijumaa 14 Novemba. Pauni 36,800. Familia nzima shangwe, mama mdogo akanipigia anataka kujua Leeds kuna baridi kiasi gani.

Jumatatu yake HR wanaandika. Kwa lugha ya upole kabisa wanasikitika, wameangalia kiwango cha mshahara ni 41,700, ofa yao haifiki, hawataweza kumdhamini. Akanitumia ile imeili bila neno, baadae ndo akaandika, "Kaka basi tena, tumejitahidi."

Hapa ndo kisa kilipogeukia, na ni mahali ambapo wengi wanakufa kimyakimya. HR wa watu sio wabaya, ila kampuni nyingi za ukubwa wa kati zinadhamini watu wawili watatu kwa mwaka na karibu wote ni wanafunzi waliopo hukohuko wanaobadilisha viza. Wakiona mtu yuko Dar, ana miaka 31, ana uzoefu wa kazi wa miaka mingi, kichwani hawaoni "anayeanza". Wanaona mzoefu. Neno lenyewe linadanganya, maana kwenye sheria mtu anaweza kuwa na miaka 10 ya uzoefu na bado akahesabika anaanza kwasababu tu viza yake ya mwisho ilikuwa ya uanafunzi na haijapita miaka 2.

Tukakaa kwenye simu tukaandika jibu fupi. Sikutaka aombe, nilitaka aonyeshe. Aya ya kwanza inasema naelewa kiwango cha jumla, naamini mimi niko kwenye Opsheni E ya kanuni za Skilled Worker, ndo hilo kundi la wanaoanza. Aya ya pili tarehe tatu: kozi iliisha lini, viza iliisha lini, miaka 2 inatimia lini. Aya ya tatu hesabu ya mshahara, 36,800 ni juu ya 33,400 na pia ni juu ya asilimia 70 ya kiwango cha injinia wa ujenzi. Akaambatanisha skani ya BRP na cheti. Aya ya mwisho, kwa heshima, naomba mumwonyeshe mwanasheria wenu wa uhamiaji kabla hamjafunga. Basi. Hakuna machozi hakuna "it has always been my dream".

Siku 7 kimya. Tarehe 24 Novemba wakajibu, mwanasheria kakubali, tuendelee, na tunaomba radhi.

Wakati tunasubiri yeye hakukaa. Alienda kupima kifua kikuu tarehe 20 Novemba kabla hata ya kuwa na uhakika wa kazi, na huo ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, mimi nilimwambia asubiri asipoteze hela. Alikuwa sahihi yeye. Tanzania na Kenya zote ziko kwenye orodha ya nchi ambazo lazima uwe na cheti cha TB kutoka kliniki waliyoidhinisha wao, cheti kinadumu miezi 6. Picha ya kifua ikiwa safi unaondoka nacho haraka. Ikiwa na kivuli hata cha homa ya mapafu ya utotoni wanakutaka utoe makohozi yaoteshwe maabara, na hiyo inaweza kula wiki 8. Piga hesabu mwenyewe, wiki 8 kutoka mwisho wa Novemba unaangukia wapi. Ungekuwa umetoka Uingereza chini ya miezi 6 iliyopita ungesamehewa kipimo, ila yeye ana miaka 2 nyumbani.

Alichopoteza ni wiki mbili za kukimbizana na barua. Mtu kamwambia lazima awe na barua ya ridhaa kutoka kwa waliomlipia skolashipu, akaanza kuandika imeili huku na kule. Hiyo barua inatakiwa kama ulilipiwa ada na matumizi ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Yeye imepita miaka 2 na zaidi. Pia akaenda polisi kuchukua cheti cha tabia njema, alama za vidole na foleni yake, kumbe kile kinatakiwa kwa kazi za afya, ustawi wa jamii na ualimu, injinia hahusiki. Sio kosa kubwa, cheti kimekaa kwenye fremu kwa mama yake sasa.

Tuje kwa CoS, kile cheti cha udhamini ambacho kiukweli sio karatasi, ni namba. Mwombaji aliye ndani ya Uingereza anapewa kwenye fungu la mwaka ambalo kampuni inalo tayari. Mwombaji aliye nje anahitaji aina nyingine, wanaiita Defined, ambayo kampuni inaiomba Home Office (wizara yao ya mambo ya ndani) moja moja kwa jina la kazi na mshahara. Kampuni yetu hii haikuwahi kuomba. Wakaomba Jumatatu tarehe 1 Desemba, kawaida hujibiwa haraka, ila Home Office wakarudisha swali wanataka maelezo zaidi ya kazi, wakajibu, ikakubaliwa tarehe 9.

Na hapo kukawa na mbio nyingine ambayo haikuwa yetu ilikuwa yao. Mwajiri anayemleta mtu kutoka nje analipa kodi ya ujuzi kwa kila mwaka wa udhamini, kampuni kubwa pauni 1,000, ndogo 364, na kuanzia tarehe 16 Desemba 2025 ikawa 1,320 na 480. Kwa CoS ya miaka 3 tofauti yake ni pauni 960. Kwahiyo kwa mara ya kwanza HR wakawa na haraka kuliko sisi, wakaitoa Alhamisi tarehe 11. Mwanafunzi anayebadilisha viza akiwa hukohuko ndani mwajiri wake hiyo kodi hailipi kabisa, na hapo ndo utaelewa kwanini kampuni ikiwa na watu wawili sawa, mmoja yuko Leeds na viza ya uanafunzi na mwingine yuko Sinza, wa Sinza lazima awe bora kwa kitu kinachoonekana.

Nipenyeze la eijenti hapa. Katikati ya haya yote kuna jamaa Dar alimwambia anaweza kumpatia CoS ya uhakika kwa pauni 8,000, nusu kwanza. Ada halisi ya CoS kwa mwajiri wakati ule ilikuwa pauni 525, na ni ya mwajiri kulipa, kukubebesha wewe mfanyakazi hiyo gharama kwenye Skilled Worker kumekatazwa. Kodi ya ujuzi vilevile. Mtu akikuuzia CoS, ama ni feki ama ni ya kampuni ambayo kazi haipo, na hiyo ya pili ndo mbaya zaidi kwasababu viza inatoka kweli, unafika, kampuni inanyang'anywa leseni, unabaki na siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine kwenye nchi usiyomjua mtu.

Upande wa mwombaji gharama zilikuwa hivi wakati ule. Viza ya mpaka miaka 3 ukiomba kutoka nje pauni 769. Ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, mara 3 ni 3,105, inalipwa yote siku hiyohiyo kwa mpigo. Jumla 3,874, zaidi ya milioni 10 za kwetu. Ukinyimwa viza ile ya afya inarudi, ile 769 hairudi. Kuna na pauni 1,270 za kuonyesha zimekaa benki siku 28, ila kampuni ikiweka tiki kwenye CoS kwamba itakutunza mwezi wa kwanza hulazimiki. Tuliwaomba waweke tiki, wakaweka, maana siku 28 hatukuwa nazo. Hela tulichangishana, sitasema nani alitoa ngapi ila kuna mjomba mmoja huko Muscat ambaye kila harusi namsema na sasa nimefunga mdomo.

Siku ya kuomba kisheria ni siku unayolipa ada onlaini. Hili nililisoma mara tatu. Ile siku ya alama za vidole haihesabiki kwa tarehe yetu. Kwahiyo hata kama kituo cha viza kingekuwa kimejaa mpaka Februari, akishalipa kabla ya 22 Januari yuko ndani ya dirisha. Alilipa Jumamosi tarehe 13 Desemba saa nne usiku, kadi ya kwanza ikagoma kwasababu ya kikomo cha benki, ya pili ikapita. Siku 40 kabla ya mlango kufungwa. Alama za vidole Alhamisi tarehe 18.

Halafu Krismasi, mwaka mpya, kimya. Jibu la kawaida kutoka nje ni wiki 3, kulikuwa na la haraka la siku 5 za kazi kwa pauni 500 ila tukasema hapana. Imeili ikaja 14 Januari 2026. Hakuna stika kwenye pasipoti siku hizi, unafungua akaunti ya UKVI, idara yao ya viza, unaiona viza kwenye simu, mama mdogo hakuamini, anasema viza gani haishikiki.

Sasa nikiri kitu. Baada ya yote kuisha yule mwanasheria wa kampuni alimwambia injinia juujuu tu kwamba hata dirisha lingefungwa kulikuwa na njia nyingine ya kuingia kundi lilelile la wanaoanza, isiyoangalia umri wala viza ya zamani: kama kazi unayopewa iko kwenye safari ya kupata usajili kamili au hadhi ya chartered ya chama cha taaluma yako. Kwa injinia wa ujenzi hiyo ni ICE, chama cha mainjinia wa ujenzi cha kule, na kampuni yenyewe ina mpango wa kuwafikisha watu huko. Yaani mlango wa pili ulikuwepo muda wote na mimi niliyejifanya nimesoma kanuni niliupita kwa macho kwasababu nilikuwa natafuta tarehe. Ni mlango wenye masharti yake, kampuni lazima iwe inakufundisha kweli kwa ajili ya hadhi hiyo na iweze kuonyesha, na mhasibu au mtu wa data asiye kwenye safari kama hiyo haumsaidii. Ila injinia aliyepitwa na miaka 2, au asiyewahi kusoma Uingereza kabisa, aulizie hapo kabla hajakata tamaa.

Kinachobaki ni kwamba kukaa kwenye kundi hili kuna kikomo cha miaka 4 jumla. CoS yake ni miaka 3. Akihuisha 2029 atakuwa na mwaka mmoja tu wa unafuu, baada ya hapo mshahara lazima ufike kiwango kamili chochote kitakachokuwepo wakati huo, na tumeshaona kilivyopanda kutoka 25,600 mpaka 41,700 ndani ya miaka 5. Kwenye mkataba alifanikiwa kuweka maneno kwamba akipata chartered mshahara unapitiwa upya. Pauni ngapi hawakuandika. Alianza kazi Jumatatu tarehe 2 Februari, juzi kanitumia picha ya mtaro umejaa majani Leeds, kaandika chini yake, "Kaka, kumbe hata huku hawafagii."